Muti ya Maziwa

"Yaya, giza imeingia?"

Tania aliniuliza vile mara tatu, na jua ilikuwa katikati ya mbingu, inatuchoma utosi. Mara ya kwanza nilifikiri anacheka. Mara ya pili nilisikia sauti yake, nyembamba kama uzi, na nikajua hakuna kucheka. Mara ya tatu sikumungoja amalize. Nilimushika mukono, nikasema, "Tembea, Tania. Tembea tu."

Dada yangu mudogo, mwenye kuniita Yaya juu mi ni kaka yake mukubwa, alikuwa amefumba macho kwa nguvu. Machozi inatoka, makamasi inatoka, na ku mashavu yake kulikuwa matone nyeupe nyeupe, kama muntu amemurushia uji. Haikuwa uji. Na mu mukono yangu ya kuume nilikuwa bado nashika kisu ya mama.

Ngoja nirudi nyuma, juu kama naanzia hapa mutafikiri mi ni muntu mubaya mbele ya kujua mi ni mujinga namna gani.

Imepita miaka mbili. Ilikuwa Jumamosi, mwezi ya sita, kiangazi imekausha majani mpaka inalia chini ya viatu. Jumatatu yake Tania alipashwa kuanza egzame ya diplome. Miaka kumi na mbili ya shule, na ilikuwa imebakia siku ine za kuandika. Mama alikuwa amekwisha kupanga yote mu kichwa yake: mutoto atapata, atasomea uganga, atavaa ile nguo nyeupe, na mama atapita mbele ya hopitali kila asubui hata kama hagonjwe, ili tu bantu bamusalimie. Usiku Tania alikuwa anasoma mpaka taa ya telefone inakufa. Alikuwa na macho ya nguvu yule mutoto. Anaweza kusoma kaye, daftari yenye iko upande ingine ya meza, kichwa chini miguu juu.

Mi diplome yangu niliipata mwaka moja mbele. Iko mu plastike, juu ya kabati, pamoja na cheti ya ubatizo. Tangu niipate, kazi yangu ilikuwa kuzunguka mu muji yetu ya Baraka. Asubui niko ku pwani ya ziwa, naangalia mitumbwi ya motere inashusha bantu. Muchana niko mu kivuli na bale ba pikipiki, nasikiliza habari. Mangaribi narudi nyumbani na njaa na hasira, na mama ananiuliza, "Umetoka wapi?" na sina jibu, juu sikukuwa mahali. Kijana mwenye kukaa vile anatafuta kuonekana mwanaume mu kitu yoyote. Mi nilikuwa natafuta.

Ile Jumamosi tulipanda kwa koko. Koko Adolphine, mama ya mama, anakaa mu kijiji kule milimani, masaa mbili na nusu kwa miguu, kupanda ile ya kukata pumzi. Kwetu mutoto haendi ku egzame kubwa bila koko kumupulizia maji. Pasta hapendi. Mama alimwambia, "Pasta, maji ni maji," na habari ikaishia pale.

Koko alichota maji mu kikombe, akaijaza mu kinywa. Tania akapiga magoti, bic zake tatu za bleu ziko juu ya viganja. Koko akapuliza: pfuuu! Maji ikafika mpaka ku uso yangu, mi niliyesimama kando.

"Hizi ndizo zinaandika?" koko akauliza, anapanguza kinywa.

"Ndiyo, koko."

"Ziandike vizuri. Kama zinakataa, uziambie nitashuka Baraka mi mwenyewe."

Tulicheka mpaka Tania akakohoa. Sikucheka tena ile siku.

Koko alitupatia miwa mbili, na juu ya miwa ndiyo nilikuwa na kisu. Ilikuwa kisu ya mama ya jikoni, ile ya kukatia nyanya na samaki. Nilikuwa nimeichukua asubui bila kuomba, juu najua kwa koko hakukosekane miwa. Basi, wakati wa kurudi natembea mbele, nakata vipande, namupa Tania, tunatafuna, tunatema. Koko alitusindikiza mpaka mwisho wa nyumba za kijiji, anajikaza na fimbo yake.

"Mufuate njia kubwa," alisema. "Kule chini, ku mashamba ya zamani, musipite. Kuko miti haipendi bantu."

"Koko, miti haina macho," nikamujibu. Nilijiona mujanja.

Aliniangalia kidogo. "Haina," akasema. "Ndiyo maana inatamani ya bengine."

Tania akanifinya mukono ninyamaze. Tukashuka.

Tulitembea kama saa moja. Ziwa ilikuwa inaonekana kule chini, bapa na nyeupe, imetulia kama sahani. Upepo hakuna. Kisha, mbele yetu, pale njia inapinda, tukasikia bantu banaongea. Haikuwa Kiswahili, na haikuwa Kibembe. Ilikuwa Kirundi ao Kinyamulenge, luga ya benye ng'ombe ba kule juu milimani, masikio yangu haikuweza kutofautisha, zinakaribiana.

Ile miezi habari za kule juu, upande ya Minembwe, zilikuwa zinashuka kila siku: vita, nyumba zinaungua, bantu banakimbia huku na ng'ombe, bengine banakimbia kule bila kitu. Mu kivuli cha pikipiki vijana balikuwa banaambiana: ukisikia ile luga mu musitu, acha njia. Na sasa najua, kule kwabo pia balikuwa banaambiana vile vile juu ya luga yetu.

Ku soko ya Baraka nilikuwa naisikia ile luga kila asubui. Bamama bakimbizi ba Burundi, benye mashamba yabo kidogo kidogo, banauzisha nyanya na lengalenga, ile muchicha yetu, banachekana, banagombeza batoto. Pale ilikuwa luga ya nyanya. Mu musitu, kwa kupepesa jicho, ikageuka luga ya bunduki. Luga yenyewe haikubadilika kitu. Nilibadilika mi.

Tania alisimama, akainamisha kichwa. "Ni bamama, Yaya," alisema polepole. "Sikiliza. Ni sauti ya bamama."

"Bamama batafanya nini huku?"

"Kulima. Bamama bote banafanya nini?"

"Nyamaza!" Nikamushika mukono, nikamuvuta kando ya njia, chini, mu majani, kuelekea kule kule koko alituambia tusipite. "Usipige kelele. Hata kama nini, usipige kelele. Umesikia?"

Alisikia. Hiyo ndiyo kitu haitoke mu kichwa yangu mpaka leo. Alisikia vizuri sana.

Mashamba ya zamani ni kitu ya kuogopesha hata bila habari ya vita. Unaona bado matuta chini ya magugu, kama mbavu za nyama imekonda. Unaona jiwe tatu za jiko, na katikati yake muti imeota. Benyewe balikimbia siku nyingi. Pori ilirudia mahali yake, na haikurudia na moyo muzuri. Tulikuwa tunapita tumeinama, mi mbele, Tania nyuma anashika shati yangu. Majani ilikuwa inatushika, miiba inakamata nguo. Na juu yetu, ku kamba za majani zenye zilipanda juu ya kila kitu, kulikuwa maganda ya rangi ya kahawia inaninginia, yenye manyoya laini, muzuri hata kushika, ungesema mukia ya kiumbe kidogo.

Nilipitisha bega pale katikati. Manyoya ikaruka mu hewa kama vumbi ya zahabu.

Upupu. Mbele ya kujua jina nilijua kazi yake. Kwanza unasikia kama sisimizi moja anatembea ku shingo. Kisha wawili. Kisha sisimizi wote wa eneo yetu nzima ya Fizi. Shingo, mikono, tumbo, mahali shati inagusa na mahali haigusi. Ukikwaruza, inaingia. Ukiacha, inawaka. Nilisikia Tania nyuma yangu anavuta pumzi kwa meno. "Yaya, inachoma. Yaya, ni nini?" Na kule juu, ku njia, sauti zilikuwa zimekaribia. Nilisikia chuma inagonga chuma. Nikajiambia: bunduki. Jasho ikanitoka, jasho ikachochea upupu, na kichwa yangu haikuwa tena ya muntu. Ilikuwa ya panya yenye imenaswa.

Mbele, mahali pa kushukia mu muto imekauka, kulikuwa muti inatuzibia njia.

Ilikuwa kijani kote, bila majani, vidole tu juu ya vidole, vimesongana. Niliiona na kuna kitu kidogo kikanigusa mu akili. Nilikuwa na miaka kumi, ku vacances ya shule, koko alinitembeza mu pori, ananionyesha: hii inafukuza homa, hii unakula, hii usiguse. Ku ile muti ya vidole alisimama mbali. Alivunja kidole kimoja na fimbo yake, uso ameugeuza kando, na tone nyeupe likaanguka juu ya jani. "Hii haiume muntu," aliniambia. "Inangoja we ndiye uiume kwanza." Aliniambia hata jina yake mu Kibembe. Lakini mi nilikuwa nafukuza mujusi. Jina ilienda na ule mujusi.

Basi nikainua kisu ya mama, nikakata.

Haikutoa kelele kubwa. Tsaa, basi. Tawi ikaanguka, na pale nilikata maziwa ikaruka. Muntu hawezi kuamini kama mu muti kavu vile, mu kiangazi vile, kunaweza kutoka maziwa mingi hivi. Ilinipita ku sikio. Nilisikia ubaridi yake ku shingo. Kisha nilisikia mukono ya Tania inaacha shati yangu.

Niligeuka. Alikuwa ameweka viganja juu ya macho, magoti mu udongo, na ameuma mukono ya nguo yake, ameiuma mpaka mishipa ya shingo imetoka. Alikuwa analia bila sauti. Juu nilimwambia asipige kelele, hata kama nini.

"Tania. Tania, nionyeshe."

Akatikisa kichwa.

Chupa yetu ya maji ilikuwa karibu tupu, niliikunywa mi mwenyewe kule juu wakati wa miwa. Nilimumwagia ile tone ilibakia. Kisha nikafanya kitu ingine ya akili yangu: nilishika mupindo ya shati yangu, nikamupanguza macho. Ile shati yenye imejaa upupu.

Pale ndiyo alipiga kelele.

Ilikuwa kelele ya muntu anachinjwa. Ndege zikaruka. Na kule juu, ku njia, zile sauti zikanyamaza. Nikamuinua, nikamuvuta, ndiyo wakati alianza kuniuliza kama giza imeingia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Tulitembea hatua kumi ao ishirini, sijui wapi, tunazunguka tu, na mi nikawa nafikiria kitu moja mubaya sana: siku ya Jumatatu. Batoto bote bameinama juu ya karatasi, na kiti moja haina muntu. Mama anapita mbele ya hopitali, anaongoza muntu na fimbo. Kisha nikasikia majani inavunjika nyuma yetu. Bantu balikuwa banashuka. Balikuwa banakuja moja kwa moja kwetu.

Nilimuficha Tania nyuma yangu. Nikainua kisu. Nilikuwa naona kama mukono yenye inainua si yangu.

Majani ikafunguka, na akatoka mama moja na jembe ku bega.

Nyuma yake mwingine, munene kidogo, muzee zaidi, na jembe lake, na bidon ya manjano ku mukono. Wa kwanza alikuwa kijana, kitambaa ya bleu ku kichwa, na mutoto amefungwa ku mugongo analala, kinywa wazi. Majembe mawili: ndiyo ilikuwa chuma yangu ya kugonga chuma.

Tuliangaliana. Yule wa kwanza aliona kisu, akaona Tania, na nikaona uso yake inageuka kama muntu amefungua dirisha.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. Akaangusha jembe. "Immaculée, leta maji! Leta yote!"

Alinipita kama mi ni kijiti tu. Akakaa chini, akamulaza Tania, kichwa ku mapaja yake. Yule muzee, Immaculée, akaanza kumwaga maji polepole, kutoka pembe ya pua kwenda inje, na anahesabu kwa luga yao kama muntu anaimba. Bidon ya litre tano. Ilikuwa maji yao ya siku nzima ya kulima, na jua bado ilikuwa na masaa yake. Balimwaga mpaka tone ya mwisho.

"Fungua macho, mwanangu," yule mama kijana anasema mu Kiswahili.

"Nimefungua," Tania anasema.

"Hujafungua. Usiogope. Nitafungua na wewe."

Kisha alifungua mutoto ku mugongo. Mi nikanyoosha mikono nimupokelee mutoto, juu nilitaka nami nifanye kitu, kitu yoyote. Akanipiga mukono kofi moja.

"Na mikono hiyo? Unataka kunimalizia mutoto wangu Ndizeye? Simama kule!"

Nikasimama kule. Immaculée akabeba mutoto, na yule mama, bila haya, bila hata kuniambia nigeuke, akatoa ziwa na akakamulia maziwa mu macho ya dada yangu. Jicho ya kuume, jicho ya kushoto. Anamushikilia kope na vidole, anaongea naye wakati wote, sauti ya chini, yenye kukwaruza kidogo kama ya muntu mwenye mafua: "Buhoro. Polepole, mwanangu. Hii ni ya Ndizeye, unamuibia chakula. Utamulipa na mandazi." Na Tania, na ule uchungu wote, nikamusikia anacheka pumzi moja. Kisha analia tena.

Niligeuka mi mwenyewe. Niliangalia ile muti. Pale nilikata, maziwa ilikuwa bado inashuka, polepole, haina haraka.

"Kwetu Burundi hii muti tunazungushia nyumba," Immaculée aliniambia, alisimama karibu yangu na mutoto. "Umunyari. Mbuzi haipite, mwizi hapite. Lakini hata mutoto wa miaka mitatu anajua, unasimama upande wa upepo, unageuza uso." Akaniangalia toka miguu mpaka kichwa. "Nyinyi hamufundishwe?"

Nilifundishwa.

"Tuliwasikia mu majani," akaendelea. "Tulifikiri ni bale ba bunduki. Renilde, huyu mwenzangu, alitaka tutupe majembe, tukimbie. Kisha tukasikia mutoto analia." Akatikisa Ndizeye kidogo. "Nikamwambia, bale ba bunduki hawalii hivi."

Renilde aliinua kichwa. Maziwa ilikuwa ku vidole vyake, ku uso ya Tania, ku nguo. Aliniuliza tu, bila ukali, kama muntu anauliza saa:

"Nani alikata muti?"

Ningeweza kusema. Neno moja tu, "mi". Hata kupumua kunakamata muda zaidi. Lakini Tania alikuwa pale, amelala, anasikiliza, na nikasikia kinywa yangu inasema:

"Ilivunjika. Aliteleza, akaiangukia."

Renilde aliangalia mukono yangu. Kisu ilikuwa nyeupe toka ncha mpaka mupini. Alisimama, akaja, akaninyang'anya kisu kwa mupini, akaishindilia mu udongo mara tatu, akaipanguza na majani, akaipanguza tena. Kisha akanirudishia.

"Ukifika nyumbani," alisema polepole, Tania asisikie, "uioshe na majivu. Vizuri. Mbele ya muntu kukatia nyanya."

Balitusindikiza mpaka ku njia kubwa. Renilde alimushika Tania mukono, mi nikabeba majembe. Pikipiki ilipita, ikatuchukua. Ku kituo ya afya, muganga aliangalia macho yake na taa kwa muda murefu, na mama yetu, bantu balikuwa bamemuita, yuko nyuma yake anaomba kwa sauti mpaka muganga akamwambia atoke. Alisema maji ile ya mwanzo ndiyo ilisaidia, dakika zingine kumi na ingekuwa habari ingine. Jicho ya kuume itarudi. Ya kushoto, tutaangalia. Kisha akauliza: ilikuwa namna gani? Na mi nikarudilia: aliteleza, akaiangukia. Tania alikuwa amekaa pale, macho yote mawili imefungwa na bande. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Ule mangaribi nilichota majivu ku jiko, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaosha kisu. Niliiosha mpaka vidole vikachubuka. Kisha nikairudisha mahali yake. Usiku mama alikatia nayo nyanya, na mi nilisema sina njaa.

Jumatatu Tania aliingia mu sale, chumba ya egzame, na jicho moja. Ile ingine ilikuwa chini ya bande. Mulinzi alitaka kumurudisha, akidai ni ya kufichia majibu, Tania akamwambia, "Fungua uangalie." Alifungua. Akafunga haraka. Siku ine aliandika vile, na bic za koko, kichwa ameinamisha kando kama kuku inasikiliza. Alipata. Mama alitoa ushuhuda mu kanisa, namna shetani alimurushia binti yake tawi ya sumu mu njia, na namna Mungu alileta malaika wawili na bidon. Bantu balipiga vigelegele. Mi nilipiga makofi pia. Nilikuwa shetani pale, mu kiti ya tatu, na nilipiga makofi.

Jicho ya kushoto ilibakia na wingu. Si kubwa. Ukiwa mbali huioni. Tania anasema upande ule bantu ni kama bako nyuma ya pazia. Tangu siku ile, tukitembea pamoja, ananiweka mi upande ya kushoto. Nilifikiri ni kunikumbusha. Sikuuliza. Sasa anasomea uganga hapa hapa Baraka, anavaa nguo nyeupe, na mama anapita pale kila asubui, kama alivyosema.

Mara nyingi nilimuona Renilde ku soko. Kitambaa ya bleu, lengalenga imefungwa mafungu mafungu juu ya gunia, Ndizeye sasa anatembea, anaiba nyanya za jirani. Nikimuona, nilikuwa napita njia ya nyuma, upande ya samaki. Miaka mbili napita upande ya samaki.

Mwezi uliopita mama alitutuma sisi wawili. Tania alikuwa anaongea habari ya mwalimu wake, na mi nilikuwa namuongoza polepole kuelekea kwa samaki, kama kawaida, wakati alisimama. Alisimama katikati ya bantu, mama moja na beseni akamugonga, akamutukana, hakusikie. Alifumba macho yote mawili.

"Yaya," alisema. "Ile sauti."

Mi nilikuwa nimeisikia mbele yake. Inakwaruza kidogo, kama ya muntu mwenye mafua, inamwambia mutoto fulani kwa Kirundi aache vitu vya bantu.

Tania hakuwahi kumuona ule mama. Hata siku moja. Alienda moja kwa moja, macho amefumba, mukono mbele, anapita kati ya mabeseni, mpaka akafika mbele ya gunia. Ndipo akafungua.

"Nilikuja kulipa mandazi," alisema.

Renilde alimuangalia. Kisha akaangalia lile jicho. Akasimama, akamushika uso na mikono miwili, akaigeuza ku mwangaza, kushoto, kuume, kama muganga, na Tania akamuachia. Balikaa vile. Bantu balikuwa banapita, banauliza bei, hakuna wa kuwajibu. Baadaye Renilde akaniona mi, nyuma, nimesimama na kikapo. Akatabasamu, bila ubaya yoyote, kama muntu anauliza habari ya nyumbani.

"Na kile kisu," alisema, "ulikiosha na majivu?"

Soko yote ikaenda mbali. Niliona midomo ya bantu inatembea na sikusikia kitu. Tania hakugeuka. Alikuwa bado anaangalia lengalenga, anachagua.

"Alikiosha, mama," akajibu. "Ule mangaribi wote nilikuwa nasikia anakwaruza nyuma ya nyumba." Akainua fungu moja, akalinusa. "Hata muti nilisikia. Alikata mara moja tu."

Tulinunua mafungu mawili. Renilde alisema mandazi ikuwe ya Ndizeye peke yake, Tania akaahidi atarudi nayo Jumamosi. Kisha tukatoka ku soko, barabara ya vumbi, pikipiki zinapita karibu karibu, zinapiga honi. Nilikuwa nataka kusema. Nilifungua kinywa mara mbili.

"Angalia pikipiki," Tania alisema.

Akazunguka nyuma yangu, akaniweka upande yake ya kushoto, ule wa pazia, akanishika mukono.